Boti ya mita 8, maji ya bamvua na nanga ya nondo: ninunue ipi?

Swali: Shikamoo mzee. Nina boti ya faiba ya mita 8, injini moja ya nje ya farasi 60, niko Kilindoni, Mafia. Msimu wa papa potwe nabeba wageni mchana. Miezi mingine navua mshipi usiku na vijana watatu. Nanga yangu ni ya nondo, makucha manne, kilo 12, kaichomelea fundi wa hapahapa. Kamba ni ya plastiki, mita 40, sina mnyororo. Juzi kwenye giza la mwezi tulitia nanga saa nne usiku kwenye maji ya kama mita 4, tukatoa kamba mita 25 hivi, ikashika vizuri. Saa tisa mwenzangu anaamka, boti imeshaburuza nanga na tuko karibu kukalia fungu la mchanga. Duka moja Dar es Salaam lina nanga za aina tatu: Danforth ya kilo 8, Bruce ya kilo 10, na ya jembe yenye tao juu, kilo 10, ambayo bei yake ni karibu mara mbili ya hizo nyingine. Wazee wananiambia niachane na za dukani, nichomelee ya nondo ya kilo 25. Ninunue ipi?

Jibu: Marahaba, nahodha. Duka lisubiri kidogo. Umenitajia saa, kina na urefu wa kamba, na hivyo vitatu vinatosha kueleza kilichowapata usiku ule.

Giza la mwezi ni bamvua, siku ambazo maji hukupwa na kujaa kuliko kawaida. Bamvua ya pwani yetu maji hukupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa mnamo saa kumi. Wewe ulitia nanga saa nne, yaani ulipima kina wakati bahari imeshuka hadi mwisho wake. Bamvua huyapandisha maji mita 3 hadi karibu 4, kwa hiyo zile mita 4 zako, kufika saa tisa, zilikuwa zinakaribia 7 na nusu. Na kamba haianzi kwenye usawa wa maji, inaanzia omo, yaani mbele ya boti, ambayo kwa boti kama yako iko juu ya maji kama mita 1. Piga hesabu sasa. Saa nne kamba ya mita 25 ilikuwa inashuka mita 5: mara tano. Saa tisa kamba ileile ilikuwa inashuka mita 8 na nusu, na hapo haifiki hata mara tatu. Hukuigusa kamba, bahari ndiyo iliyokufupishia.

Kinachoharibu ni pembe. Kamba iliyokazwa kwa mara tano ya kina huivuta nanga kwa pembe ya nyuzi 11 na nusu kutoka sakafu ya bahari. Ukitoa mara saba, pembe inashuka hadi nyuzi 8. Ukiwa na mara tatu tu, inapanda hadi karibu nyuzi 20. Nanga, ya aina yoyote ile, hujichimbia ikivutwa huku imelala, na hung'oka ikivutwa kwenda juu. Mwenyewe ukitaka kuondoka hufanya hivyohivyo: unaisogeza boti mpaka juu yake, unafupisha kamba, unanyanyua. Usiku ule kujaa kwa maji kulikufanyia kazi hiyo pole pole mlipokuwa mmelala.

Kuna jambo la pili nimeliona kwenye maelezo yako. Saa nne ya bamvua ni wakati maji yamesimama, yamemaliza kutoka na hayajaanza kuingia. Unaposema ilishika vizuri, nadhani ilikuwa imekaa tu bila kazi. Mkondo ulipoanza kuingia ndipo ulipogeuza boti upande mwingine, na nanga ya makucha manne ina tabia moja mbaya hapo: makucha mawili yakiwa yamezama mchangani, mawili yamesimama juu. Boti ikizunguka, kamba inapita juu yake na kujisokota kwenye kucha zilizosimama. Baada ya hapo boti haivuti tena kwenye mkono wa nanga, ule mhimili mrefu unaofungwa kamba. Inaikokota kwa kucha zake, na itaendelea kuikokota mpaka fungu liisimamishe.

Kwa hiyo hata ungekuwa na nanga bora kuliko zote za duka lile, kwa kamba ya mita 25 bila mnyororo sidhani kama mngelala salama. Hilo ulijue kabla hujatoa pesa.

Sasa ushauri wa wazee. Siwapingi kwa chombo wanachokijua wao. Ngalawa ni nyepesi, iko chini, upepo hauna pa kuishika, na mara nyingi wanatia nanga pembeni ya miamba ambako kucha ya nondo hupata ufa wa kuingia. Boti yako ina pande ndefu, ina kivuli cha turubai kwa ajili ya wageni, na injini nzito nyuma. Upepo unaishika yote. Jumuiya ya viwango vya boti ya Marekani, ABYC, ina jedwali ambalo mafundi wengi hulitumia kukadiria mvuto. Kwa boti ya futi 25, ambayo ni fupi kidogo kuliko yako, upepo wa noti 15 (maili za baharini kwa saa) pamoja na msukosuko wa mawimbi unahesabiwa kuvuta kama kilo 57. Upepo ukifika noti 30 mvuto unakuwa kama kilo 222. Upepo umeongezeka mara mbili, nguvu imeongezeka mara nne. Jedwali lile linajulikana kuwa limekadiria juu kwa makusudi, lakini hata ukikata nusu yake, ona nanga ya kilo 25 inasimama wapi. Tena chuma kikizama majini hupungukiwa uzito kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, hivyo kilo 25 za nchi kavu hazifiki 22 kule chini.

Uzito wake peke yake haushikilii boti. Kinachoishikilia ni udongo ulioko mbele ya bapa la nanga: nanga ikishajifukia, ili itoke ni lazima isukume mchanga wote ulioko mbele yake. Nanga ya umbo zuri, iliyozama vizuri kwenye mchanga mgumu, hushika mara ishirini na zaidi ya uzito wake. Ya nondo haina bapa. Ina vidole vinne vyembamba vinavyochora mistari mchangani. Ukiongeza kilo utapata vidole vinene zaidi, na mgongo wa kuuma asubuhi.

Tuje kwenye zile tatu za dukani.

Danforth ina jina la Mmarekani Richard Danforth, na ilipata sifa kwenye vyombo vya kushushia askari ufukweni katika Vita vya Pili vya Dunia. Ni ile yenye mabapa mawili makubwa yanayobembea kwenye mhimili, mkono ukipita katikati. Kwa mchanga safi na kwa tope, ukilinganisha kilo kwa kilo, ni vigumu kuipata inayoishinda. Inakunjika ikawa bapa, haichukui nafasi. Ila ina kasoro mbili zinazokuhusu. Ya kwanza, mkondo ukigeuka ikang'oka, mara nyingine hairudi kujichimbia. Kijiwe au kipande cha tumbawe kikibanwa kati ya bapa na mkono, mabapa hayashuki tena, na nanga inateleza chali juu ya mchanga. Ya pili, kwenye nyasi bahari inateleza juu ya majani bila kufika chini. Kwa mtu anayetia nanga kwa muda wa saa mbili tu mchana akila chakula, ni nzuri mno. Kwa kulala mahali ambapo maji yanageuka kila baada ya saa sita, mimi siiamini ikiwa peke yake.

Bruce ni ya Peter Bruce wa Uingereza, ya miaka ya 1970, enzi ya visima vya mafuta vya Bahari ya Kaskazini. Ni kipande kimoja cha chuma, haina kiungo cha kubana kidole, umbo lake ni kama kiganja chenye vidole vitatu vifupi. Siku hizi utakazozikuta madukani ni nakala. Sifa yake ni kwamba inashika haraka, na boti ikigeuka nayo inageuka palepale chini bila kutoka. Udhaifu wake ni nguvu: kwa uzito uleule hushika kidogo kuliko Danforth, na zile ndogo zina shida kwenye mchanga uliogandamana na kwenye nyasi. Anayetaka Bruce anunue kubwa kuliko anayodhani anaihitaji. Kwa boti yako nisingekubali ya kilo 10, ningesema 15.

Ya tatu ina ukoo mrefu. Nanga ya jembe ya kwanza iliyoenea, CQR, ilibuniwa mwaka 1933 na Geoffrey Ingram Taylor, mwanafizikia wa Cambridge aliyekuwa pia mpenzi wa kusafiri kwa tanga. Ile ilichimba kwa mgongo, ikatupa udongo kushoto na kulia. Miaka ya 1980 na 1990 wabunifu wa Ujerumani na Ufaransa wakageuza fikra: badala ya jembe linalogawa udongo, bapa lenye ncha kali linaloukumbatia udongo. Tao la bomba lililo juu, alilolitumia Mjerumani Rolf Kaczirek kwenye nanga yake ya Bügel, kazi yake ni moja tu: nanga ikianguka chali, tao linaifanya ibiringike mpaka ncha iangalie chini. Peter Smith wa New Zealand akaviunganisha vyote viwili kwenye Rocna, na baada ya hapo nakala zikajaa duniani. Hii ndiyo ninayokushauri. Inashika mchanga, tope gumu na nyasi zisizo nene sana, na mkondo ukigeuka ama inazunguka ikiwa bado chini ya udongo, ama inatoka na kujichimbia tena ndani ya mita chache. Kilo 10 kwa mita 8 inatosha. Ukiikuta ya 12 au 13 na pesa ipo, chukua, maana wewe unabeba watu.

Kuhusu tope. Upande wako wa Kilindoni unaelekea mdomo wa Rufiji, na mto ule unaleta tope kila mwaka. Tope laini ni kesi ya peke yake. Kwenye mchanga, pembe kati ya bapa na mkono inayofanya kazi vizuri ni kama nyuzi 32, lakini tope laini linataka pembe kubwa zaidi, 45 hadi 50, na bapa pana. Mwaka 2014 kampuni ya Fortress ya Marekani, inayotengeneza nanga za aluminiamu za mtindo wa Danforth zenye pembe mbili za kuchagua, ilifanya majaribio kwenye tope la Ghuba ya Chesapeake, na nanga yao ya bapa pana, ikiwekwa nyuzi 45, ikazishinda nyingine. Mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyeandaa mashindano, kwa hiyo pokea matokeo kwa tahadhari, ila hoja yenyewe kuhusu tope na mabapa mapana inakubalika na wengi. Kama mara nyingi unalala kwenye tope la kuzamisha mguu hadi gotini, ile Danforth ya kilo 8 iwe nanga yako ya pili. Ya pili, narudia.

Usimpe fundi wa kuchomelea picha ya nanga ya tao akuigie. Nimewahi kuletewa nanga za namna hiyo zikipendeza kwa macho, lakini pembe imekosewa kidogo, ncha haina uzito, mkono ni wa bati jembamba unaopinda mvuto ukija wa ubavuni. Nanga ya umbo hilo ikikosewa pembe haishiki hata kidogo, inateleza tu. Fundi wako ni hodari wa nondo, mwache na nondo.

Ukifika dukani usiridhike kuitazama. Ilaze chali sakafuni: yenye tao inapaswa ibiringike yenyewe mpaka ncha iguse chini. Kagua mahali mkono ulipoungana na bapa, mchomeleo uwe umezunguka pande zote bila vitundu. Rangi ya fedha iliyopakwa kwa brashi isikudanganye, unataka chuma kilichozamishwa kwenye zinki ya moto, ambacho uso wake huwa mzito na wenye mawimbi kidogo. Kwa Danforth, tikisa mabapa yabembee bila kukwama. Na muuzaji akikubali uirudishe ikikukataa, una kiwanja cha majaribio ambacho wenye boti za nchi nyingi hawana: subiri maji yakupwe, ilaze kwenye mchanga mbichi, funga kamba ndefu, vuta ukiwa umeinama mkono karibu na ardhi. Nanga nzuri ndani ya mita moja inaingiza ncha, na mtu mmoja hawezi kuisogeza tena. Kisha zunguka, vuta kutoka upande wa pili, uone inavyogeuka. Dakika tano hizo zitakufundisha kuliko maneno yangu yote haya.

Sasa kamba na mnyororo, ambavyo hukuviuliza, na hapa ndipo ningeweka pesa ya kwanza.

Kamba ya plastiki ina sifa moja, bei. Inaelea, kwa hiyo maji yakisimama inatandazika juu ikingoja propela, yako au ya mwenzako. Jua linaikausha mpaka nyuzi zinameguka ukizikunja. Na haina mvuto wa mpira, wimbi likiinyanyua omo, mshtuko wote unakwenda kwenye nanga. Kamba ya nailoni inazama, na inarefuka ikivutwa kisha inarudi, ikimeza ule mshtuko. Kwako nataka mita 60 za nailoni ya milimita 14. Ya milimita 12 ina nguvu za kutosha, ila ni nyembamba kwa viganja vya mtu anayevuta usiku mikono imeloa.

Kati ya kamba na nanga weka mnyororo, angalau urefu wa boti yenyewe. Kwako mita 10 za milimita 8. Mita moja ya mnyororo huo ina kilo 1.4, kwa hiyo unaongeza kilo 14 mahali ambapo uzito una faida kweli, chini kabisa, ukiulaza mkono wa nanga. Ndiyo sababu nilishangaa kidogo kuona wazee wanataka kilo 13 za ziada ziwe kwenye makucha. Mnyororo pia ndio unaolala juu ya mawe na matumbawe yaliyokufa. Kamba tupu ikisuguliwa pale usiku kucha inaweza kukatika kabla ya alfajiri. Lakini upepo mkali ukija, mnyororo wa mita 10 unanyooka wote na faida ya kulala inapungua, hapo kinachobaki kukuokoa ni urefu wa kamba. Kwa hiyo kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Viungo huunganishwa kwa pingu za chuma zenye pini ya kuzungusha. Chukua za milimita 10, kubwa kuliko mnyororo kwa saizi moja, kaza pini kwa spana, kisha ipitishie waya na kuizungushia kwenye pingu isiweze kufunguka. Pini hufunguka yenyewe kwa mtikisiko, na wengi hugundua siku wanayovuta kamba ikaja bila nanga. Jicho la kamba liwe na kipete cha chuma ndani. Na ule mwisho mwingine wa kamba uwe umefungwa kwenye boti siku zote, hata nanga ikiwa imelala sandukuni.

Pesa isipotosha vyote kwa mara moja, fuata mpango huu: mwezi huu nunua nailoni na mnyororo, uvifunge kwenye hiyohiyo nanga ya nondo, nanga ya tao ifuate. Watu hufanya kinyume, wananunua nanga inayong'aa na kuifunga kwa kamba ya kuanikia dagaa.

Namna ya kuitia nitaisema kwa kifupi kwa kuwa wewe si mgeni wa bahari. Anza na hesabu ya maji yatakapojaa, usitumie kina unachokiona. Tumia bildi, ule uzito wa kamba wa kupimia kina, au chombo cha kupimia kina kama unacho, ongeza kupanda kwa maji kulikobaki, ongeza mita 1 ya omo, zidisha kwa tano kukiwa shwari, kwa saba ukilala au kusi ikivuma. Kwa mahali pako pa juzi, mita 8 na nusu mara saba ni karibu mita 60. Pamoja na mnyororo unazo 70, inabaki akiba. Elekeza omo kwenye upepo au mkondo, chochote chenye nguvu zaidi, simamisha boti, shusha nanga mpaka iguse chini, kisha rudi nyuma pole pole ukiachia kamba. Ukiirusha na kumwaga kamba yote juu yake umeshaisokota kabla hata hujaanza. Kamba ikifika urefu, ifunge kwenye kikingi cha omo, ile nguzo fupi ya kufungia kamba, tia gia ya nyuma, ongeza mafuta kidogo kidogo mpaka kama nusu, ushikilie hivyo nusu dakika. Weka kiganja kwenye kamba mbele ya kikingi: ikitetemeka kwa vipindi, nanga inakwaruza. Ikikaza na kutulia, imeshika. Chagua alama mbili za nchi kavu zilizopangana, mnazi na kona ya nyumba, au taa mbili usiku, uone kama zinaachana. Simu yenye programu ya kengele ya nanga inasaidia ikiwa betri ipo, ila kijana mmoja abaki macho maji yanapogeuka, kila yanapogeuka.

Kamba ndefu ina gharama yake. Maji yakikupwa utakuwa unazunguka duara kubwa, zaidi ya mita 60 kila upande, kwa hiyo fungu au boti ya jirani iwe nje ya duara hilo. Karibu na bandari ya Kilindoni, ambako vyombo vinabanana, hutapata nafasi hiyo. Pale fupisha kwa kiasi na uongeze mtu wa kukesha, au ulale kwenye boya la mtu unayemjua, ukiwa na hakika limefungwa kwa kitu gani chini.

Jambo moja silijadili: usifunge kamba ya nanga tezi, yaani nyuma ya boti. Kwenye boti ya injini ya nje ukuta wa nyuma ndio mfupi kuliko yote na ndio wenye uzito. Nanga ikiushikilia kuelekea mawimbi, maji yanaingia ndani, na boti ya wazi inaweza kujaa kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kulitafuta panga la kukatia kamba. Wavuvi wa mshipi hufanya hivyo ili wakae vizuri. Wakae vizuri kwa namna nyingine.

Kuhusu matumbawe. Unafanya kazi jirani na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na ndani yake kutupa nanga juu ya matumbawe ni kosa. Hata nje ya mipaka yake, tumbawe la jiwe hukua kwa kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka, na mnyororo wangu wa mita 10 niliokusifia, ukizunguka usiku mmoja juu yake, unafagia miaka mingi. Ukivua pembeni ya mwamba, tafuta kiraka cheupe cha mchanga upande mkondo unakotokea, tia nanga pale, kisha achia kamba mpaka tezi ifike unapotaka mshipi ushuke. Kiraka cheupe huonekana jua likiwa juu, hakionekani saa nne usiku, kwa hiyo pita mchana, hifadhi mahali pale kwenye simu, urudi usiku kwa namba. Ukiwa na wageni wa papa potwe swali hili halipo, maana pale boti haitii nanga, inaelea na injini.

Na ile ya nondo usiitupe. Ibaki ndani ya boti na mita 25 za ile kamba ya zamani, kwa siku unasimama dakika chache juu ya mawe yaliyokufa na hutaki kupoteza nanga ya bei. Ifunge hivi: kamba uifunge chini, pale makucha yanapokutana, kisha uipandishe kwenye mkono na kuibana kwenye pete ya juu kwa uzi mwembamba wa mshipi. Ikikwama, ukivuta kwa nguvu uzi unakatika, mvuto unahamia chini, na nanga inatoka kwa matako. Kwa sababu hiyohiyo usilale kwa ufungaji huo hata siku moja, uzi haujui kama anayevuta ni wewe au ni kusi.